Wanasesere wa Wifi

Kwa miaka kumi na tisa nimeshonea koridoni, cherehani yangu imebanwa kati ya jokofu na mlango wa choo, kwa sababu chumba chenye dirisha zuri kuliko yote katika nyumba yangu kilikuwa cha midoli. Na nyumba ni yangu. Marehemu mume wangu aliniachia, hati ninayo, nimeifungia kwenye sanduku. Lakini alipokuwa anakata roho alinishika mkono akaniambia, "Dada yangu usimtoe, wala vitu vyake usivisogeze," nami nikaitikia, maana mtu anayekufa humkatalii kitu. Ningejua kwamba vitu vyenyewe vitafika sitini na tatu, ningemwomba angalau tuzungumzie idadi.

Wifi yangu hataki niseme midoli. "Ni wanasesere," hunirekebisha. "Mdoli ni wa kuchezea." Nami humjibu kwamba mtu mzima anayewavisha, kuwahesabu na kuwafungia mlango anacheza, tena anacheza kuliko watoto. Tumetaniana hivyo tangu nilipoolewa: yeye ananiita fundi viraka, mimi namwita popo. Jina la popo lilimkaa sawasawa. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha giza cha studio ya picha, akizamisha karatasi kwenye beseni za dawa na kuzitundika kwa vibanio zikauke, na mpaka leo akitoka nje saa sita mchana hukunja uso kama mtu aliyetukanwa.

Hao wanasesere walianzia huko huko studio. Watoto wachanga waliopelekwa kupigwa picha walipewa mmoja wa kushika ili watulie, na mwingine, wa plastiki, mwenye nywele za kusuka, aliwekwa dirishani avutie wateja. Alikaa pale miaka, hadi jua likamchoma shavu la upande wa barabara. Nusu ya uso ikabaki rangi ya maziwa, nusu ikawa rangi ya chai. Mwenye studio alitaka kumtupa. Wifi akamtia kwenye mkoba, akaja naye nyumbani, akamwita Namba Moja, na tangu siku hiyo akajipatia adui wa maisha. "Mwanga ni mwizi," alikuwa akisema. "Havunji mlango, haachi nyayo. Anakomba kidogo kidogo, siku ukishtuka ameshamaliza."

Basi akampangia mwizi huyo ulinzi. Dirisha langu zuri alilitundikia pazia jeusi la tabaka mbili, akalibana ukutani pande zote. Mlangoni aliweka mapazia mawili yenye nafasi ya mtu mmoja katikati, kama kule kazini: unaingia, unafunga la nyuma yako, ndipo unafungua la mbele. Taa ilikuwa moja tu, nyekundu, aliyoagwa nayo studio ilipofungwa. Kila mwanasesere alitiwa kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha, Wifi akaukamua hewa kwa kiganja, akakunja mdomo mara mbili na kuuziba kwa utepe wa gundi, kisha juu ya utepe akaandika namba, kama alivyozoea kuandika kwenye bahasha za negativu, zile filamu za picha. Ndani ya mfuko haliingii vumbi, haliingii joto la mkono, haiingii pumzi ya mtu. Kila Jumapili, baada ya chai, aliingia na daftari, akakaa kwenye kigoda chini ya taa yake, akamkagua mmoja mmoja, na mbele ya kila namba akaandika neno moja: safi.

Mimi nilimcheka. Nisidanganye, nilimcheka sana, na nyakati nyingine nilimchukia, hasa siku za mvua ambapo koridoni hakuonekani kitu na mteja ananingoja nimtilie zipu.

Mwaka huu daktari alimwambia moyo wake umetanuka. Alirudi na karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya sahani, akaniambia ameandika barua kwa makumbusho ya watoto. Anataka kuwapa wote, bure, kwa sharti moja: wakae pamoja kwenye kabati la vioo, na pembeni kuwe na kadi yenye jina lake. Nikaanza kumtania, nikamwuliza kama kadi itaandikwa popo au jina la ubatizo. Hakucheka.

"Wifi," akasema, "wewe una binti wa kukutaja. Mimi nikiondoka, nani atasema nilipita hapa? Nina hawa tu."

Nikamwongezea chai.

Makumbusho yakajibu. Wangemtuma mtaalamu wao Alhamisi, saa nne asubuhi, aje awatazame. Wifi aliisoma barua hiyo mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Kadi aliiandika mwenyewe kwa wino mweusi, herufi za kulala, akaniuliza mara tano kama mstari umenyooka. Sijawahi kumwona mwanamke wa miaka sabini na moja akiwa na furaha ya namna ile, na ilinitia huruma, na nikajiapia kwamba hadi Alhamisi sitatamka neno mdoli.

Jumanne akagundua kwamba upindo wa gauni la Namba Kumi na Saba umefumuka. Huyu ndiye alikuwa mboni ya jicho lake, mwenye macho ya kufumba na kufumbua na gauni la hariri, aliyemnunua kwa mke wa daktari mmoja aliyekuwa anahama. Alinikabidhi mwanasesere huyo akiwa ndani ya mfuko wake.

"Utashonea humu humu, chini ya taa," akasema. "Ukimaliza mfunge kama ulivyomkuta."

Akaenda kliniki kuchukua dawa.

Nilijaribu. Mungu ni shahidi yangu, nilijaribu. Lakini uzi mweupe, hariri nyeupe, taa nyekundu na macho ya miaka sitini na minne havikai meza moja. Nilitunga sindano mara saba, mara saba nikatunga hewa. Mara ya nane uvumilivu ukaniishia, nikawaambia wale wengine wote sitini na wawili ninachofikiri juu yao, nikamfunika Namba Kumi na Saba kwa taulo na kumpeleka koridoni, kwenye kidirisha changu kidogo. Dakika kumi tu, nikajisemea. Dakika kumi zitamfanya nini?

Nilipofungua mfuko harufu ilinipiga puani: harufu ya kiatu kilichofungiwa kwenye boksi siku nyingi, yenye uchachu ndani yake. Nikamtazama usoni. Alikuwa wa manjano. Si manjano ya kusema labda ni kivuli. Manjano ya meno ya mvuta sigara, paji la uso, mashavu, vidole vyote. Nikamgusa shavu, kidole kikanata. Nyuzi za taulo zikamganda kidevuni.

Nilidhani nimemuua mimi. Mtu akikaa na Wifi miaka arobaini, lazima mafunzo yake yamwingie: mara ngapi alinieleza kwamba karatasi ya picha ikiona mwanga kufumba na kufumbua, imekwisha? Sasa mimi nilikuwa nimemweka mtoto wake mbele ya dirisha, tena bila hata nguo ya kumfunika kichwa. Nikashona haraka haraka, nikamfuta kidevu kwa mate, nikamrudisha mfukoni, nikaziba, nikakimbia naye chumbani. Chini ya taa nyekundu nikamwinua nimtazame tena.

Alikuwa mweupe. Nikamgeuza huku na huku. Mweupe kama maziwa. Nikakaa kwenye kigoda cha Wifi, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikajiambia ni macho yangu, ni rangi ya kuta za koridoni, ni woga. Niliamini haraka kwa sababu nilitaka kuamini.

Wifi aliporudi alimkagua muda mrefu. "Mishono imenyooka," akasema. "Umeshonea wapi?"

"Humu humu."

"Kwa macho yako hayo?"

"Fundi ni fundi," nikamjibu, nikaenda jikoni.

Alhamisi saa nne juu ya alama yule mtaalamu akabisha hodi. Mwanamke wa makamo, mpole, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni, na kila alichokigusa alikiombea ruhusa kwanza. Wifi alikuwa amevaa gauni la bluu alilovaa kwenye harusi ya binti yangu, na kadi ameishika mkononi. Tulipita mapazia mmoja mmoja, tukasimama watatu chini ya taa nyekundu, na kule kwenye rafu wale sitini na watatu walitutazama weupe, safi, wamejipanga. Mimi mwenyewe, niliyewatukana Jumanne, niliona fahari.

"Mama, hongera," yule mtaalamu akasema. "Kazi ya miaka mingi hii."

"Kumi na tisa kwenye chumba hiki," Wifi akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeguswa na mwanga."

"Ila itabidi niwashe taa yangu. Ripoti siwezi kuiandika kwa hii nyekundu. Ni tochi ndogo tu, haina jua ndani yake, haitawadhuru."

Wifi alisita. Nilimwona akipima, kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemkabidhi muuguzi mtoto achomwe sindano. Tochi ikawaka.

Wote walikuwa wa manjano. Karibu wote. Nyuso, mikono, miguu, hadi lesi za kola zimeingia madoa ya rangi ya chai. Mmoja mashavu yake yalikuwa yanang'aa kwa jasho la mafuta, na mfuko umemgandia puani. Mwingine nywele zimejilaza kichwani kama zimemwagiwa asali. Nilisikia Wifi akivuta pumzi.

"Tochi yako ni ya manjano," akasema.

Yule mtaalamu alitoa karatasi nyeupe kwenye faili lake, akaimulika. Karatasi ikabaki nyeupe.

Wifi akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Kadi ilianguka sakafuni, hakuna aliyeiokota. Alikuwa anatazama mbele tu, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Yule mtaalamu akamshusha Namba Ishirini na Sita, akafungua mfuko, akanusa, akampindua, akainua gauni kwa ncha ya kidole. Akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Nani aliwafunga hivi?" Akanionyesha mgongo wa yule mwanasesere. "Mwanga huchoma upande unaoutazama. Huyu amegeuka rangi mpaka mgongoni, mpaka chini ya nguo. Plastiki ya aina hii inatoa mvuke wake yenyewe. Ukiifungia isipate hewa, inajila."

Hapo nikaelewa. Nikamkumbuka Namba Moja, nusu maziwa nusu chai, jinsi jua lilivyomchoma shavu moja tu. Nikaitazama ile mikono ya Wifi iliyolala mapajani, mikono iliyokamua hewa kwenye mifuko sitini na mitatu, mmoja mmoja, kwa upendo.

"Nani amefanya hivi?" Wifi akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nataka kujua. Nani amewafanyia hivi?"

Yule mtaalamu akamsogelea, akainama. "Mama," akaanza, "wakati mwingine tatizo si mwanga. Wakati mwingine ile mifuko..."

"Ni mimi," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Nilichowaza ni kwamba mwanamke yule akimaliza sentensi yake, Wifi atajua kwamba amewaua mwenyewe, kwa utepe na kiganja, na moyo wake ule hautastahimili. Kuchukiwa mimi ninakumudu. Tumegombana miaka arobaini, sufuria zimerushwa, na bado tulikunywa chai pamoja. Nikadhani ugomvi wetu una nafasi ya kubeba na hili.

"Jumanne nilimtoa Namba Kumi na Saba koridoni," nikasema, na hilo lilikuwa kweli. Kisha nikajikaza kisabuni, nikaongeza. "Na si Jumanne tu. Nimekuwa nikifungua pazia. Ukienda kliniki, ukienda sokoni. Nilikuwa nashonea humu. Miaka yote."

Wifi akainua macho. Nilitegemea kilio, au kigoda kichwani. Badala yake uso wake ulitulia, kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo siku nyingi akaupata mfukoni mwa mgeni.

"Nilijua," akasema.

Neno hilo lilinichoma kuliko tusi. Hakushangaa hata kidogo. Miaka yote hiyo nimekunja mgongo koridoni nikitimiza ahadi niliyompa kaka yake, na yeye alikuwa ameniweka kwenye fungu la wezi tangu siku ya kwanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia yule mtaalamu. "Umemsikia? Nguoni mwangu. Sahani moja naye."

Yule mtaalamu alijua kwamba nimedanganya. Uongo wangu haukulingana na mgongo wa Namba Ishirini na Sita. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni huogopa kuingia kati ya ndugu. Akapitisha tochi tena kwenye rafu, akawahesabu. "Mama, tisa bado wazima," akasema. "Hawa wa udongo na hawa wa kitambaa, na huyu wa mbao. Tisa naweza kuwachukua leo hii. Na kadi yako tutaiweka."

Sikuwa nimewaza habari ya tisa. Moyo ulinipiga kwa furaha, nikasema kimoyomoyo, basi tisa, asante Mungu, tisa wanatosha kubeba jina.

"Kabati lenu lina vioo?" Wifi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na chumba kina madirisha?"

"Yana mapazia, lakini watoto lazima waone..."

"Hapana." Alisimama, akaokota kadi yake, akaipangusa vumbi. "Nimeshaona mwanga umenifanyia nini ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Waliobaki siwatoi. Hata mmoja."

Nikamsindikiza yule mtaalamu hadi getini. Hapo alisema yote aliyoyameza ndani. Kwamba mifuko ifunguliwe, yote, leo. Kwamba wale tisa wakiendelea kukaa na mvuke wa wenzao, nao watafuata. Kwamba taa nyekundu ndiyo iliyomficha Wifi asione, kwa sababu chini ya wekundu manjano na weupe ni kitu kimoja. Niliposikia hilo nilishika nguzo ya geti. Wifi mwenyewe aliniambia zamani kwamba picha haihukumiwi chini ya taa nyekundu, kwamba aliwafukuza wanafunzi wawili kwa kosa hilo: itoe nje, uitazame mchana, ndipo useme imekubali. Mganga hajigangi.

"Mwambie ukweli," yule mtaalamu akasema. "Nafasi yao naishikilia mpaka mwisho wa mwezi."

Nilirudi ndani siku hiyo hiyo, kabla chai ya mgeni haijapoa. Nikamkuta anakata utepe kwa meno.

"Wifi, nilidanganya," nikasema. "Sijawahi kufungua pazia. Nilimtoa mmoja tu, dakika kumi. Ni mifuko. Inawanyima hewa. Yule mama alitaka kukwambia nikamkatiza."

Hakugeuka. "Asubuhi ulikiri mbele ya mgeni. Sasa jioni haijafika, umeshapata mtu wa kumsingizia. Na mtu mwenyewe ni mimi."

"Sikusingizii. Watazame! Hata chini ya nguo ni wa manjano. Mwanga umepitaje chini ya nguo?"

Akanigeukia, macho yamemtoka. "Uliwavua nguo pia?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliikata mwenyewe kwa sentensi tatu, na nilipotaka kurudi niliikuta imeziba. Kila ushahidi niliouleta uligeuka kuwa kosa langu jingine. Nikalia mbele yake, mimi ambaye hata msibani hulia kwa kiasi, naye akaniambia nikalie koridoni nisije nikatia unyevunyevu chumbani.

Kesho yake aliita seremala. Dirisha langu likapigiliwa mbao kutoka ndani, nene, za kitanda cha zamani. Mlango ukatiwa kufuli jipya, na ufunguo akauvaa shingoni ndani ya nguo. Kila mwanasesere akatiwa kwenye mfuko wa pili juu ya ule wa kwanza, hata wale tisa. Nikiwa kwenye cherehani nilisikia utepe ukivutwa kutoka kwenye gurudumu lake, kr-r-r, kimya, kr-r-r, kimya, siku mbili mfululizo. Nilifikiria kuvunja kufuli. Nilifikiria kumpigia binti yangu aje. Kisha nikafikiria moyo wake ukipasuka pale kigodani mbele ya mifuko iliyochanwa, na mimi nimeshika mkasi, nikabaki nimekaa.

Hakunisemesha. Alikula chumbani kwake, sahani yake akaiosha mwenyewe na kuiweka mbali na yangu. Nilimtania mara moja, nikaita "Popo, chai tayari," nikajuta. Nyumba ilikuwa kimya kama maji ya mtungi. Yule mtaalamu alipiga simu mara mbili. Mara ya pili nilimwambia bado. Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, hakupiga.

Jumapili iliyofuata, baada ya chai, nikasikia naitwa.

"Wifi! Wifi, njoo!"

Nilidhani ni moyo. Nilikimbia bila kiatu, nikapita pazia la kwanza, la pili. Alikuwa amesimama katikati ya chumba chini ya taa nyekundu, daftari kifuani, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya barua.

"Mtazame Namba Kumi na Saba," akasema.

Nikamtazama. Ndani ya mifuko yake miwili alikuwa mweupe kama maziwa.

"Na huyu. Na huyu hapa. Unaona? Wanarudi. Wiki tatu tu za giza la kweli, bila mkono wa mtu, na wanarudi." Alikuwa anahema, lakini kwa furaha. Akanishika mkono, kitu ambacho hajakifanya tangu tulipomzika kaka yake. "Nimekaa nikafikiri. Sitaki kufa nimekuwekea kinyongo. Ulikosea, umekiri, na wao wamepona. Nimekusamehe."

Nilitaka kumwambia, itoe nje uitazame mchana. Maneno yake mwenyewe, anayajua kuliko mimi. Nikamtazama usoni nione kama kweli hajui. Alikuwa ananitazama pia, bila kupepesa, na mkono wake ulikuwa umenibana kwa nguvu kuliko ninavyofikiri mgonjwa anaweza kubana.

"Unaona wanavyorudi?" akauliza tena.

"Naona, Wifi."

Akanipisha kigoda chake. Akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akanipa kalamu, akasema leo niandike mimi, ili nijue kwamba mambo yamekwisha. Yeye akataja namba, mimi nikaandika: safi, safi, safi, mpaka Namba Sitini na Tatu, na wale tisa pia.